Kwa nini mbunge wa Ifakara hawezi kujiundia chama

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia hapa nchini, wapo wabunge wanaobaini kwamba chama kilichowaingiza bungeni hakiwataki tena, au kwamba wao ndio hawakitaki tena chama hicho. Wengine wameangushwa katika kura za maoni, wengine wamevuliwa uanachama, na wapo waliosoma upepo wakaona mlango unafungwa. Swali linalowakabili wote ni moja: jina litarudije katika karatasi ya kura?

Kwingineko duniani jibu si gumu sana. Agosti 8, 2006, Seneta Joe Lieberman wa jimbo la Connecticut, Marekani, mtu ambaye miaka sita kabla alikuwa mgombea mwenza wa urais wa chama cha Democratic, alishindwa na Ned Lamont katika kura za maoni za chama chake. Kesho yake tu aliwasilisha saini za wapiga kura, sheria ya huko ikitaka 7,500, ili asimame kwa tiketi ya chama kipya kilichobeba jina lake mwenyewe. Novemba akashinda na kurudi katika Seneti. Chama chenyewe kilikuwa ngazi tu ya kupandia. Baada ya uchaguzi, mhadhiri mmoja aliyekuwa mkosoaji wake alijiandikisha humo na kujitangaza mwenyekiti, na hakuna aliyejali.

Hapa jirani, Septemba 2007, Rais Mwai Kibaki wa Kenya alifanya jambo linalofanana na hilo kwa kiwango cha nchi. Muungano wa NARC uliompeleka Ikulu mwaka 2002 ulikuwa umesambaratika, na jina la NARC lilibaki mikononi mwa Charity Ngilu. Rais aliyeko madarakani akawa hana chama. Miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Desemba ukazinduliwa muungano wa PNU, na Kibaki akapata bendera ya kugombea.

Mbunge wa Tanzania angethubutu? Jibu linapatikana vizuri zaidi si Dar es Salaam wala Dodoma, bali katika Bonde la Kilombero, ambako msomaji wa mjini hulijua zaidi kwa mchele wake kuliko kwa siasa zake.

Itakumbukwa kwamba Oktoba 2015 bonde hilo liliipa CHADEMA majimbo mawili kwa mpigo. Kilombero, lenye mji wa Ifakara, lilikwenda kwa Peter Lijualikali, na Mlimba, lililokuwa jimbo jipya wakati huo, likaenda kwa Susan Kiwanga. Ushindi huo ulikuwa na mizizi. Miaka mitano kabla, Regia Mtema aligombea Kilombero kwa tiketi ya chama hicho, akashindwa na Abdul Mteketa wa CCM, kisha akaingia bungeni kwa viti maalumu. Alifariki dunia katika ajali ya gari Januari 2012, akiacha chama chenye watu katika vijiji ambavyo zamani havikujua bendera nyingine zaidi ya ile ya kijani.

Watu wa Ifakara walikuwa na mengi ya kumtuma mbunge wao. Barabara ya kutoka Kidatu ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, na mazao yalikuwa yakipita humo humo. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama katika mto Kilombero, daraja likiwa bado linajengwa. Lilizinduliwa Mei 2018. Zaidi ya hayo kulikuwa na mgogoro usiokwisha kati ya wakulima na wafugaji juu ya ardhi ya bonde, ambalo sehemu yake ya mafuriko iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu za Ramsar. Haya si mambo ya itikadi. Mkulima wa mpunga anayegombea mpaka wa shamba na mwenye ng'ombe hamuulizi mbunge wake ana kadi ya rangi gani.

Lijualikali alilipa gharama ya siasa mapema. Januari 2017 mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi sita, bila ya kumpa nafasi ya kulipa faini, kwa vurugu zilizotokea wakati wa uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri. Alikaa gerezani hadi mwishoni mwa Machi mwaka huo, Mahakama Kuu ilipoitengua hukumu hiyo. Kwa wafuasi wake, mbunge aliyetoka jela alikuwa mkubwa kuliko yule aliyeingia.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mei Mosi mwaka huo, wakati wa hofu ya corona, uongozi wa CHADEMA uliwaagiza wabunge wake wasihudhurie vikao vya Bunge na wajitenge kwa siku 14. Baadhi walikataa. Siku chache baadaye Anthony Komu, Joseph Selasini, David Silinde na Wilfred Lwakatare wakavuliwa uanachama. Katika siku za mwisho za Bunge hilo, mbunge wa Kilombero naye alitokwa machozi ndani ya ukumbi, akaeleza nia yake ya kuachana na CHADEMA na kuomba apokewe CCM.

Wapo waliomcheka na wapo waliomwita msaliti. Mwandishi wa makala haya hataki kuingia huko. Linalohusu hapa ni hesabu iliyokuwa mbele ya mtu huyo, na ambayo ingekuwa mbele ya mbunge mwingine yeyote katika nafasi yake. Uchaguzi ulikuwa Oktoba 28. Kubaki katika chama alichokwishakikosea kulikuwa na hatari yake. Kusimama peke yake, Katiba hairuhusu. Kuunda chama kipya ndilo jambo ambalo Lieberman alilifanya kwa usiku mmoja. Tulitazame hilo kwa makini.

Kikwazo cha kwanza ni Katiba yenyewe. Ibara ya 67 inataka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Ibara ya 71 inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza kiti chake. Maana yake ni kwamba siku mbunge anapotangaza hadharani chama chake kipya, siku hiyo hiyo anaacha kuwa mbunge. Anapoteza mshahara, jukwaa na nafasi ya kusimama bungeni kuuliza habari za barabara ya Kidatu.

Kikwazo cha pili ni Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992. Chama kipya hupewa kwanza usajili wa muda, unaodumu siku 180. Ili kipate usajili wa kudumu, ambao ndio unaokiruhusu kusimamisha wagombea, lazima kionyeshe wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mmoja wa mikoa isiyopungua kumi, na miongoni mwa mikoa hiyo iwemo angalau miwili ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Ofisi ya Msajili hupita kuhakiki.

Kwa jumla ni watu 2,000. Si wengi, uwanja mmoja wa mpira unawajaza na nafasi ikabaki. Ugumu hauko katika idadi bali katika mtawanyiko. Hata kama wapiga kura wote wa Bonde la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi Mlimba, wangechukua kadi za chama cha mbunge wao kwa siku moja, mbele ya sheria wangehesabika kuwa ni mkoa mmoja tu, yaani Morogoro. Ingebaki mikoa tisa. Mbunge wa Ifakara angelazimika kwenda Pemba kutafuta watu 200 wa kumwezesha kugombea Ifakara.

Ajabu ni kwamba sheria ya uchaguzi, inapomtazama mgombea ubunge mwenyewe, huridhika na wadhamini 25 tu kutoka katika jimbo lake.

Sharti la mikoa kumi lina sababu yake, na si haki kulibeza. Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, hofu kubwa ilikuwa vyama vya kabila, dini au upande mmoja wa Muungano. Waliotunga sheria walitaka chama kiwe cha taifa tangu siku ya kwanza, na kwa kiasi kikubwa walifanikiwa. Lakini sharti lililowekwa kuzuia chama cha kabila, likiunganishwa na marufuku ya mgombea binafsi, linafanya kazi nyingine ambayo pengine haikukusudiwa: linamfunga mpiga kura wa jimbo. Kila sharti kwa upande wake lina hoja. Yakiwa pamoja, hakuna upenyo.

Wapo waliojaribu. Machi 2010 Fred Mpendazoe, mbunge wa Kishapu kwa tiketi ya CCM, aliachia kiti chake na kujiunga na Chama Cha Jamii, CCJ, kilichokuwa kimepata usajili wa muda mwezi huo huo. Zilibaki takriban miezi saba kufikia uchaguzi. CCJ hakikupata usajili wa kudumu kabla ya kura, na Mpendazoe, ambaye hakuwa tena na kiti wala chama, alikimbilia CHADEMA na kugombea jimbo la Segerea jijini Dar es Salaam, mbali kabisa na Kishapu. Hakushinda.

Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi kisiwani Pemba, alikwenda kwa njia ya mzunguko. CUF ilimvua uanachama Januari 2012. Akakimbilia mahakamani, na kwa msaada wa shauri hilo akaendelea kukalia kiti hicho hadi mwaka 2015. Wakati huo huo waliokuwa wakimuunga mkono walikuwa wanakiandaa ADC, kilichosajiliwa mwaka huo huo wa 2012. Muda ulipofika, akasimama kwa tiketi ya ADC kuwania urais wa Zanzibar, mwaka 2015 na tena katika uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Kura zilikuwa chache, lakini jina lilikuwamo katika karatasi, na baada ya hapo akateuliwa kuwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi.

Zitto Kabwe ndiye aliyefanikiwa zaidi. Chama chake, CHADEMA, kilimvua nyadhifa Novemba 2013 na hatimaye uanachama Machi 2015. Mwezi huo huo aliaga Bunge na kujiunga na ACT, akawa kiongozi wa chama hicho, na Oktoba akashinda Kigoma Mjini, akiwa mbunge pekee wa ACT. Lakini angalieni tarehe. ACT kilikuwa kimekwisha kupata usajili wa kudumu tangu Mei 2014. Yeye aliingia katika nyumba iliyokwisha kuezekwa. Pia alikuwa mwanasiasa anayejulikana nchi nzima, jambo ambalo mbunge wa kawaida wa bondeni, hata akipendwa vipi kwao, hana.

Tunachojifunza hapa ni kwamba kati ya hao watatu, aliyejaribu kufanya mambo kwa uwazi na kwa kasi ndiye aliyepotea. Aliyekaa chamani kwa mgongo wa mahakama huku wenzake wakisajili chama pembeni, na aliyekuta chama kimekwisha kusimama, ndio waliofika.

Kwa wengine wote imebaki njia moja fupi: kuhamia kwa mwenye nguvu. Kati ya mwishoni mwa 2017 na 2018 tulishuhudia wabunge wa upinzani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine kwa maelezo yale yale ya "kuunga mkono juhudi" za Rais John Magufuli. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Siha waliachia viti vyao Desemba 2017, na Februari 17, 2018 wakarudishwa katika majimbo yale yale kwa tiketi ya CCM. Mkesha wa kura hiyo, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala huko Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa CHADEMA. Uchaguzi wote ule ulifanyika ili mtu yule yule arudi katika kiti kile kile akiwa na kadi nyingine.

Njia hiyo nayo haina uhakika. Silinde alipokewa CCM na kushinda Tunduma mwaka 2020. Huko Kilombero CCM ilimsimamisha Abubakar Asenga, na ndiye aliyekuwa mbunge. Lijualikali hakuwamo katika karatasi ya Oktoba 2020, si kwa CHADEMA wala kwa CCM. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua kuwa Mkuu wa Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa.

Kwake binafsi huenda mambo hayakwenda vibaya. Lakini wananchi wa Ifakara walikuwa na neno la kumwambia mtu huyu. Huenda wangemwambia kwamba wamemsamehe, kwa sababu alifungwa kwa ajili yao. Huenda wangemwangusha vibaya kwa kuitupa bendera waliyompa. Hatujui, kwa kuwa hawakuulizwa. Waliomhukumu ni vikao vya vyama viwili, ambavyo vyote vina makao makuu mbali na mto Kilombero.

Yawezekana msomaji akasema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Laiti ingekuwa hivyo. Cecil Mwambe wa Ndanda alitangaza kuondoka CHADEMA Februari 2020, lakini Mei Spika Job Ndugai akamrudisha bungeni kwa maelezo kwamba hakuwa amepokea barua yake ya kujiuzulu. Wanawake 19 wa viti maalumu, wakiongozwa na Halima Mdee, walivuliwa uanachama na CHADEMA Novemba 27, 2020, siku chache baada ya kuapishwa, wakaendelea kuwa wabunge hadi Bunge lilipofikia ukomo mwaka 2025. Ibara ya 71 ilikuwapo muda wote huo.

Wakongwe wa bondeni wanakumbuka hali nyingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, kabla ya Uhuru, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kile kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake. Hata chini ya chama kimoja, kuanzia mwaka 1965, chama kilipeleka majina mawili kwa wananchi, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mwaka huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Chama kilichuja, lakini mtu dhidi ya mtu, mpiga kura ndiye aliyeamua. Vyama vingi vilipokuja tulipata bendera nyingi, tukapoteza kitu kidogo ambacho wakati ule hatukujua thamani yake.

Aliyelipigania jambo hilo kuliko mtu mwingine ni Mchungaji Christopher Mtikila. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma alimpa ushindi. Serikali ikapeleka bungeni marekebisho ya Katiba kuziba tundu hilo. Mtikila akarudi, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua, ikisema suala hilo ni la kisiasa na ni la Bunge kuliamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Juni 14, 2013 Mahakama hiyo ikasema Tanzania inakiuka haki kwa kumzuia mgombea binafsi. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ikamruhusu. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba mwaka huo.

Hoja kwamba mgombea binafsi ataleta fujo au ukabila imekwisha kujaribiwa kwa majirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu, kwa sharti kwamba asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na anayewania ubunge wa jimbo aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa jimbo hilo hilo. Wanaoshinda kwa njia hiyo huwa wachache sana. Lakini mbunge aliyedhulumiwa katika kura za maoni za chama chake ana mahali pa kwenda, na chama kinachotaka kumdhulumu kinalijua hilo.

Februari 2024 Bunge letu lilipitisha sheria mpya za uchaguzi, za Tume na za vyama vya siasa. Mgombea binafsi hakuwamo. Mei 2025, waliokuwa viongozi wa CHADEMA waliotofautiana na chama chao kuhusu kushiriki uchaguzi hawakupoteza muda kuunda chama. Waliingia CHAUMMA, kilichokuwa na usajili tayari, na Salum Mwalimu akawa mgombea wake wa urais.

Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa, hakuwa na bahati hiyo. CCM ilipoliondoa jina lake katika orodha ya wawania ubunge, Agosti 2025 alihamia ACT-Wazalendo na kupitishwa kuwania urais. Agosti 26 Msajili wa Vyama vya Siasa akabatilisha uteuzi huo, baada ya malalamiko kwamba hakuwa ametimiza muda wa uanachama unaotakiwa na kanuni za chama chake kipya. Septemba 11 Mahakama Kuu Dodoma ikaamuru fomu zake zipokewe. Septemba 15 Tume ikamwondoa tena, kwa pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Oktoba 29 jina lake halikuwamo katika karatasi yoyote, si ya urais wala ya ubunge wa Kisesa.